Kubadili Skyline GT-R ya mwaka 1990 itumie ethanoli: nianzie wapi?

PistoniSita ameuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninamiliki Nissan Skyline GT-R ya mwaka 1990, ile ya umbo la R32, yenye injini yake ya asili ya RB26DETT, silinda sita na turbo mbili. Kwa miaka minne nimetumia muda wangu kuirudisha katika hali yake ya kiwandani, na sasa ninataka kuibadili itumie mchanganyiko wa E85, yaani ethanoli nyingi na petroli kidogo, kwa sababu kwa petroli ninayoitumia injini huanza kugonga (mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda) kila ninapoongeza shinikizo la turbo hata kwa kiasi kidogo.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi: kununua nozeli za kupulizia mafuta zilizo kubwa zaidi, kumpa mtaalamu aandike upya programu ya kompyuta ya injini, kisha kumwaga petroli na kujaza E85. Fundi mmoja alinihakikishia kwamba hiyo ni kazi ya siku mbili. Fundi wa pili akaniambia kwamba ethanoli italila tangi, mipira na pampu kabla ya mwaka kwisha, na kwamba gari la umri huu lisiguswe kabisa. Wote wawili nawaheshimu, lakini maneno yao hayawezi kuwa kweli kwa pamoja.

Lengo langu ni nguvu za farasi 380 hadi 400 kwenye injini, kwa turbo zile zile za kiwandani. Naomba kujua nozeli za ukubwa gani zinafaa, ni vitu gani ambavyo ni lazima vibadilishwe kabla ya tone la kwanza la ethanoli kuingia, na kama ni kweli kwamba ethanoli yenyewe inaongeza nguvu au ni maneno ya vijiweni.

HesabuKwanza amejibu:

Karibu, mkuu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua mengine yote.

Kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue kikamilifu, ilhali kilo moja ya ethanoli tupu huhitaji kilo 9 tu. Kilo moja ya petroli hutoa takriban megajuli 43 za joto, na ya ethanoli hutoa karibu 27. Ukigawanya joto hilo kwa hewa inayohitajika utaona jambo la kushangaza kidogo: kwa kila kilo ya hewa ambayo turbo zako zinasukuma ndani ya silinda, mafuta haya mawili hutoa karibu kiasi kile kile cha nishati. Kwa hiyo ukijaza ethanoli bila kubadili kitu kingine zaidi ya kiasi cha mafuta, usitarajie kurushwa kwenye kiti. Nguvu inatoka kwingine. Ethanoli hunyonya joto jingi inapogeuka kuwa mvuke, zaidi ya mara mbili ya petroli kwa kila kilo, na kwa kuwa unaingiza kilo nyingi zaidi kwa hewa ile ile, upoaji wa jumla kwa ethanoli tupu hukaribia mara nne. Okteni yake, yaani kipimo cha mafuta kuhimili kugonga, nayo iko juu ya 100. Mambo hayo mawili hukupa nafasi ya kuwasha cheche mapema zaidi na kuongeza shinikizo la turbo bila injini kugonga, na nafasi hiyo ndiyo unayoigeuza kuwa nguvu. Anayekwambia ethanoli ina nishati zaidi ya petroli amekosea, na anayekwambia haina faida amekosea pia.

Sasa tuje kwenye nozeli. RB26 ilitoka kiwandani na nozeli sita za cc 444 kwa dakika kila moja. Ukizitumia hadi asilimia 85 ya muda wake wa kufunguka, ambacho ni kikomo cha busara, zinapitisha takriban lita 136 kwa saa, na kwa petroli kiasi hicho kinatosha nguvu za farasi karibu 400. Ukihamia E85, injini ile ile kwa hewa ile ile itahitaji ujazo wa mafuta ulio mkubwa kwa takriban asilimia 43, na kama mchanganyiko wako utakuwa karibu ethanoli tupu, ongezeko hilo hufika asilimia 54. Gawanya 400 kwa 1.43 na utapata 280, ambayo kwa bahati ya ajabu ndiyo nguvu iliyotangazwa na kiwanda kwa gari hili. Maana yake ni kwamba kwa nozeli ulizonazo E85 haikupi chochote, kwani zitakuwa zimefika ukomo kabla turbo hazijaanza kazi ya maana.

Kwa lengo lako unahitaji angalau cc 635, na mimi nisingeenda chini ya 750, kwa sababu asubuhi yenye baridi injini hudai mafuta ya ziada wakati wa kuwaka na kwa sababu pampu zikichoka shinikizo hushuka. Hata hivyo, usivutiwe na za cc 1,300 kwa kuwa tu rafiki yako anazo, maana nozeli kubwa kupita kiasi za aina ya zamani hushindwa kupima kiasi kidogo cha mafuta injini inaponguruma bila kukanyagwa, na gari litakuwa linatikisika kwenye kila taa ya barabarani. Kumbuka pia kwamba nozeli za asili za injini hii zina ukinzani mdogo wa umeme na hupitia kwenye kifurushi cha rezista. Ukiweka za kisasa zenye ukinzani mkubwa, kifurushi hicho kinapaswa kurukwa, na mtaalamu wako apewe takwimu za muda ambao nozeli hizo huchelewa kufunguka kwa kila kiwango cha volti. Bila takwimu hizo atakuwa anakisia.

Pampu ndiyo mahali ambapo watu wengi hujikwaa. Lita 136 kwa saa za petroli zinageuka kuwa karibu lita 194 za E85, na lazima zifike wakati regyuleta, yaani kidhibiti cha shinikizo la mafuta, inadai shinikizo la bari 3 za kawaida na juu yake bari 1 ya turbo, yaani bari 4. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye boksi, kwa sababu namba hiyo ilipimwa kwa shinikizo dogo na volti nzuri. Pima mwenyewe: weka bari 1 kwenye mpira mdogo wa regyuleta kwa pampu ya mkono, elekeza mrija wa kurudisha mafuta kwenye chombo chenye vipimo, washa pampu kwa sekunde 30 na usome. Unahitaji zaidi ya lita 1.6, na ningependa kuona 2. Fanya kazi hiyo nje penye hewa, bila cheche yoyote karibu, na mtu mwenye kizimamoto asimame kando yako.

MzeeWaTangi amejibu:

Hesabu za ndugu aliyetangulia ni sahihi, nami sina la kuongeza hapo. Ila yeye amezungumzia mafuta yakishafika kwenye injini, na mimi nimezeeka nikifungua matangi, kwa hiyo nitazungumzia yanakotoka.

Petroli haipitishi umeme, lakini ethanoli hupitisha kwa kiasi, na zaidi inapokuwa imevuta maji kutoka hewani, jambo ambalo ni tabia yake. Tofauti hiyo ndogo ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya maangamizi unayoyasikia. Ndani ya tangi la gari la mwaka 1990 kuna vituo vya umeme vya pampu vilivyoachwa wazi, kwa kuwa wakati ule havikuwa na shida ya kuzama kwenye petroli. Ndani ya ethanoli vituo hivyo huanza kuliwa taratibu, na dalili ya kwanza ni pampu kupoteza nguvu siku ambayo hukuitarajia. Alumini isiyopakwa, magnesi, zinki na mabati ya chuma yaliyofunikwa kwa risasi na bati, ambayo matangi mengi ya zamani yalitengenezwa kwayo, vyote havipatani na ethanoli. Chuma cha pua na alumini iliyotibiwa usoni kwa umeme huvumilia vizuri.

Kuhusu mipira, ile ya zamani hukauka, huvimba au hulainika, na mara nyingi hufanya yote matatu kwa zamu. Oringi zote za njia ya mafuta zibadilishwe ziwe za aina ya Viton (mpira sugu kwa mafuta), na mipira iwe ile yenye utando wa PTFE (plastiki ya aina ya Teflon) ndani, au walau yenye alama ya SAE 30R9. Kipande kile kifupi kilichomo ndani ya tangi, kinachounganisha pampu na kifuniko, kinahitaji alama ya 30R10, kwa sababu huo ndio mpira uliotengenezwa kuzama ndani ya mafuta, na mpira wa kawaida ukizamishwa huoza kutoka nje kuingia ndani. Nimeona magari mawili yaliyowekewa pampu ghali na nozeli ghali yakashindwa kwa ajili ya kipande cha mpira kisichozidi urefu wa kiganja.

Halafu kuna uchafu. Tangi la miaka zaidi ya 30 lina tabaka la utando uliogandia ukutani, na ethanoli ni kiyeyushi hodari kuliko petroli, hivyo utando wote huo utabanduka na kusafiri kuelekea kwenye filta yako. Mimi mwenyewe niliwahi kubadili gari la mteja bila kushusha tangi, kwa kuwa alikuwa na haraka nami nilikuwa na uvivu, na kilomita 60 baadaye gari lilikata pumzi likiwa kwenye mwendo, turbo imejaa, filta imeziba kwa ute wa rangi ya kahawia. Silinda ya sita ilikosa mafuta kwa sekunde chache tu na pistoni ikayeyuka ukingo wake. Gharama ile niliibeba mimi, na ilikuwa haki. Shusha tangi, lioshe, litazame ndani kwa taa, na kama kuna kutu ya kina lisafishwe au libadilishwe. Weka filta ya wavu wa chuma cha pua inayoweza kufunguliwa na kuoshwa, kisha ifungue baada ya tangi la kwanza na tena baada ya la tatu, bila kujali gari linakwenda vizuri kiasi gani.

Kuhusu fundi wako wa pili aliyesema gari lisiguswe, hajakosea kuhusu hatari. Amekosea kudhani haizuiliki. Yule wa siku mbili ndiye ninayemwogopa zaidi.

KaburetaPacha amejibu:

Nitakuwa mfupi kwa sababu gari langu halina kompyuta. Kwa wale wenye magari ya zamani zaidi yanayotumia kabureta, kanuni ni ile ile ila hesabu ni ya tundu. Ukihitaji mafuta zaidi kwa asilimia 40, eneo la jeti kuu liongezeke kwa asilimia 40, na hiyo ni sawa na kipenyo kuongezeka kwa asilimia 18 hivi: jeti ya milimita 1.30 inakuwa karibu 1.54. Usisahau jeti ya mwendo mdogo, tundu la sindano ya boya na kiwambo cha pampu ya kuongezea kasi, maana hiki cha mwisho hupasuka mapema. Mwili wa kabureta nyingi ni aloi ya zinki, na ukiacha E85 imelala humo kwa miezi miwili utakuta unga mweupe ndani ya bakuli.

Kuwaka asubuhi yenye baridi ni shida ya kweli, kwa kuwa ethanoli huchemka kwa nyuzi 78 na haitoi mvuke wa kutosha katika ubaridi, tofauti na petroli ambayo ina sehemu nyepesi zinazotangulia kuwaka. Nchini Brazili, ambako Fiat 147 ya ethanoli iliingia sokoni mwaka 1979, magari hayo yaliwekewa kijitangi kidogo cha petroli kwa ajili ya kuwashia tu. Mimi nimeiga mtindo huo, na mke wangu ameacha kunicheka.

PistoniSita ameandika tena:

Shikamoo Mzee wa Tangi, na ahsanteni nyote. Nimeelewa kwamba tangi lishuke kwanza, na tayari nimepanga siku ya kulishusha.

Limebaki moja linalonisumbua. Mtaalamu wa programu anasema anaweza kuandika upya programu kwenye kompyuta ya asili ya gari kwa ajili ya E85, kwa gharama ndogo, na kwamba kihisi cha ethanoli ni urembo usio wa lazima ikiwa nitajaza E85 daima. Kompyuta ya asili haina mahali pa kukiunganisha kihisi hicho. Je, nikubali programu moja isiyobadilika, au nibadili kompyuta nzima?

TaimingiTaratibu amejibu:

Kaka, shida iko kwenye lile neno «daima». Jina E85 linakufanya udhani kuna asilimia 85 za ethanoli ndani yake, lakini kiwango cha Marekani cha ASTM D5798 kinaruhusu mafuta yanayouzwa kwa kundi hilo yawe na ethanoli kuanzia asilimia 51 hadi 83, kutegemea majira, ili magari yawake wakati wa baridi. Kazi yangu ni kuandika programu za injini, na nimepima mafuta yaliyouzwa kwa jina moja yakatofautiana kwa kiasi kikubwa kati ya mwezi na mwezi.

Tazama athari yake. Tuseme programu yako imepangwa kwa ethanoli ya asilimia 70, na kwa shinikizo kamili la turbo umeweka lambda 0.80 (lambda ni hewa iliyopo ikigawanywa kwa hewa inayohitajika kuunguza mafuta yote, hivyo chini ya 1 mafuta ni mengi). Ukijaza mafuta ya asilimia 85, mchanganyiko unakuwa mwepesi kwa karibu asilimia 8, na lambda inapanda kuelekea 0.86 bila wewe kujua. Kinyume chake, programu ya 85 ikipewa 70 itakuwa nzito, lambda karibu 0.74, na hapo utapoteza nguvu na kuosha oili kwenye kuta za silinda. Hayo ni makosa madogo. Kosa kubwa ni siku utakapoishiwa mafuta mbali na unapoyapata, ukajaza petroli, huku taimingi ya cheche ikibaki ile ya ethanoli. Turbo zikijaa mara moja tu katika hali hiyo, umemaliza.

Kihisi chenyewe ni kitu rahisi. Kina nyaya tatu, na kile kinachotumiwa na wengi hutoa mawimbi ya umeme ya hezi 50 kwa petroli tupu na hezi 150 kwa ethanoli tupu, hivyo unatoa 50 kwenye namba unayoisoma na kinachobaki ndiyo asilimia. Hezi 128 ni ethanoli ya asilimia 78. Upana wa mapigo yale yale hueleza joto la mafuta. Namba ikizidi sana 150, shuku maji au uchafu. Kifunge kwenye njia ya kurudisha mafuta, baada ya regyuleta, ambako mtiririko ni mdogo na shinikizo ni dogo. Kompyuta ya kisasa inayokisoma huchanganya ramani mbili, ya petroli na ya ethanoli, kulingana na inachokiona, na ndiyo maana ninakushauri ubadili kompyuta. Faida ya pembeni ni kwamba utaachana na vipima hewa viwili vya waya wa moto vya zamani, ambavyo katika umri huu mara nyingi ndivyo vinavyodanganya.

Kama huna uwezo huo kwa sasa, basi pima kila unapojaza. Chukua bomba la kioo lenye vipimo, weka mililita 20 za maji na 80 za mafuta, tikisa, kisha subiri vitulie. Ethanoli itakimbilia kwenye maji na kuacha petroli juu. Tabaka la chini likisoma 84, umeongeza 64 juu ya maji yako 20, na 64 kati ya 80 ni asilimia 80. Si kipimo cha maabara, lakini hukuokoa na mshangao.

Mambo mawili zaidi kuhusu kupanga programu. Kwanza, zungumza na fundi wako kwa lambda badala ya uwiano wa hewa na mafuta, kwa sababu kipimo cha kwenye dashibodi kinachoonyesha 14.7 kinatafsiri lambda 1 kwa lugha ya petroli, wakati uwiano halisi wa E85 kwa lambda hiyo hiyo ni karibu 9.8, na mafundi wawili wanaotumia lugha mbili tofauti wamewahi kuharibu injini wakidhani wanakubaliana. Pili, ukimya wa injini usikudanganye. Kwa petroli, mlio wa kugonga ndio unaokuambia umefika ukingoni. Kwa ethanoli unaweza kuendelea kusogeza cheche mbele, injini isigonge kamwe, huku nguvu imeacha kuongezeka kitambo na kinachoongezeka ni mzigo juu ya pistoni na gasketi ya silinda. Ongeza nyuzi moja moja kwenye mashine ya kupimia nguvu, na mara msokoto unapoacha kupanda, rudi nyuma nyuzi mbili uache hapo.

HesabuKwanza amejibu:

Ninaunga mkono yote ya dada TaimingiTaratibu, na ninaongeza tahadhari mbili ambazo hazihusiani na mafuta. Turbo za asili za R32 zina magurudumu ya kauri upande wa moshi, na yakisukumwa kupita takriban bari 1 huweza kukatika. Lengo lako la 400 limesimama ukingoni hapo hapo, na ethanoli itakushawishi uendelee kwa kuwa haitalalamika. Tena, RB26 za miaka ya mwanzo zina sehemu fupi ya kushikia pampu ya oili kwenye krenki, udhaifu unaojulikana sana, na hakuna mafuta yanayouponya. Ukiwa na injini wazi kwa sababu yoyote, ushughulikie.

NusuShari amejibu:

Mimi nitakuwa mpinzani, kwa nia njema. Kwa nini kukimbilia E85 moja kwa moja? Sehemu kubwa ya faida ya kuzuia kugonga hupatikana mapema, mchanganyiko ukiwa na ethanoli ya asilimia 30 hivi, na kwa kiwango hicho injini huhitaji mafuta zaidi kwa asilimia 12 tu. Nozeli zako za cc 444, ambazo HesabuKwanza amezihukumu kwa E85, zingekufikisha karibu farasi 355 kwa mchanganyiko huo, na tangi lisingekwisha kwa kasi ya kuchukiza. Kuupata ni hesabu ya darasani: kwa lita 60, ukiwa na ethanoli iliyopimwa asilimia 80 na petroli isiyo na ethanoli, changanya lita 22.5 na 37.5. Kama petroli yako tayari ina asilimia 10, ambayo ni kawaida katika nchi nyingi, lita 17 za ile ya asilimia 80 zinatosha. Programu bado ni lazima ibadilishwe, kwani asilimia 12 za upungufu si mchezo kwa injini ya turbo, na mipira pia, kama Mzee alivyosema. Lakini unapata miezi kadhaa ya kuendesha huku ukikusanya vifaa vya kazi kamili.

Tena, tafadhali usitumie spiriti ya viwandani eti kwa kuwa nayo ni ethanoli. Baadhi hutiwa methanoli ili isinyweke, na methanoli ni mkali zaidi kwa alumini kuliko chochote kilichotajwa hapa.

MzeeWaTangi amejibu:

Marahaba, kijana wangu. Ndugu NusuShari kasema vyema, ila kumbuka jambo moja: petroli yenye ethanoli kidogo huvumilia maji machache sana, takriban nusu ya asilimia moja kwa ile ya asilimia 10, na ikizidi hapo ethanoli huachana na petroli na kuzama chini pamoja na maji, pale pale mdomo wa pampu ulipo. E85 huvumilia maji mengi zaidi. Kwa hiyo gari likilala kwa muda mrefu, lilale likiwa na petroli mpya na tangi lililojaa, bila nafasi ya hewa yenye unyevu. Oili nayo ibadilishe mapema kuliko ulivyozoea, na ukiona ute wa maziwa chini ya kifuniko, endesha safari ndefu ili injini ipate joto la kutosha kuufukuza unyevu.

PistoniSita ameandika tena:

Narudi na taarifa baada ya wiki tatu. Tangi limeshushwa. Ndani kulikuwa na utando wa kahawia kama Mzee alivyotabiri, na kile kipande cha mpira kilichozama kilikuwa kimelainika hata kabla ya kuonja ethanoli. Kutu ilikuwa ya juu juu tu, sasa imesafishwa. Vituo vya pampu vimefunikwa, na mipira na oringi zote ni mpya.

Kipimo cha pampu ndicho kilichonifunza zaidi. Kwa bari 4 nilipata lita 1.1 tu kwa sekunde 30. Kabla ya kuilaumu pampu nilipima volti, na wakati betri ilisoma 13.8, penye pampu zilifika 11.4, nyingine zimepotelea kwenye nyaya za miaka 30 na kile kisanduku kinachopunguza volti za pampu injini ikiwa imetulia. Nimevuta waya mnene kutoka betri kupitia rilei mpya, volti sasa ni 13.5, na pampu ile ile ya zamani inatoa lita 1.3. Haitoshi kwa E85, lakini kwa hesabu zangu inatosha asilimia 30 kwa nguvu ambazo nozeli za asili zinaweza kulisha, kwa sababu nozeli hizo haziwezi kupitisha zaidi ya lita 1.13 katika muda huo.

Kwa hiyo nimeamua kuanza na njia ya NusuShari. Kompyuta mpya nimekwisha kuiagiza pamoja na kihisi, nitakifunga sasa kwenye njia ya kurudi ili nione mwenyewe mafuta ninayouziwa yana nini hasa, na nozeli za cc 750 na pampu kubwa vitafuata. Swali dogo kwa dada TaimingiTaratibu: kihisi kikisimama wima na kikilala, kuna tofauti?

TaimingiTaratibu amejibu:

Kisimamishe wima, mafuta yaingie kwa chini na kutokea juu, ili mapovu ya hewa yasinaswe ndani, kwa kuwa povu likikaa humo namba itarukaruka na kompyuta itafuata. Na kiwe mbali na bomba la moshi.